Kina mama wako upande wa pili?

Haya waungwana, tuongee. Nimekuwa kimya kidogo, nisameheni. Kazi ya gazeti mnaijua wenyewe: leo uko mahakamani Kisutu, kesho uko kwenye mkutano wa waziri, keshokutwa unatumwa kuandika habari ya shimo la barabarani. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, na nisipolitoa leo litanipalia.

Ilianza hivi. Mhariri wangu alipata mwaliko wa onyesho la muziki wa klasiki hapa Dar. Wanamuziki wachache kutoka Ulaya, piano moja, fidla mbili na zile ndugu zake kubwa. Akaangaza macho chumba kizima cha habari, akauliza, "Nani hapa anaujua muziki wa Wazungu?" Watu wote wakanigeukia mimi. Sababu ni moja tu. Wanajua kwamba naimba besi kwenye kwaya tangu niko Mlimani, na kwamba kila Pasaka tunaimba "Haleluya" ya Handel mpaka madirisha ya kanisa yanatikisika. Basi kwa vigezo vya gazeti letu mimi ni mtaalamu.

Mwaliko ulikuwa wa watu wawili. Nikamchukua dada yangu. Huyu ni dada yangu mkubwa, tumbo moja, mwalimu wa sekondari, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya parokia yetu. Mimi nasoma nota kama mtu anayesoma kibao cha daladala usiku mvua inanyesha. Yeye anazisoma kama mimi ninavyosoma gazeti.

Tukakaa. Tukapewa karatasi ya programu, nzuri, ngumu, inanukia wino. Vipande saba, na majina ya ukoo ya watunzi: Haydn, Beethoven, Schubert, Mendelssohn, Schumann, Brahms, Dvořák. Mimi moyoni nikafurahi kwamba naweza kuyatamka karibu yote. Dada akaisoma karatasi yake taratibu, kisha akaigeuza. Nyuma kulikuwa na nembo za wadhamini tu. Akaniinamia sikioni.

"Kina mama wako upande wa pili?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Njiani kurudi, ndani ya bajaji, nikaona nimfafanulie. Si unajua tena waandishi, tukishahudhuria kitu saa mbili tunakuwa na shahada yake. Nikamwambia, "Dada, hiyo si hila ya mtu. Muda umechuja. Wametunga wengi, wanaume kwa wanawake, na miaka mia mbili imechagua walio bora. Muda hauna upendeleo."

Akanyamaza mpaka tukafika Magomeni. Halafu akasema, "Mama akipepeta mchele, anayechagua ni ungo au ni Mama?"

Sikuwa na jibu. Na mimi nikikosa jibu hulala vibaya. Kwa hiyo nikafanya kile nilichosomea: nikaanza kuchimba.

Nianze na tarakimu, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Kuna taasisi huko London inaitwa Donne, iliyoanzishwa na mwimbaji Gabriella Di Laccio. Kazi yake ni kuhesabu. Wanachukua programu za okestra kubwa za dunia, wanahesabu nani amepigwa. Katika msimu wa 2021–2022 walihesabu okestra 111 katika nchi 31. Kazi zilizotungwa na wanawake zilikuwa asilimia 7.7 ya zote.

Asilimia 7.7, ndugu zangu. Fanya hesabu ya mtaani: ukienda kwenye onyesho moja kila wiki, na kila onyesho lina vipande vitatu, basi kwa wastani utakaa karibu mwezi mzima ndipo ukutane na kipande kimoja cha mwanamke. Ukiumwa malaria wiki hiyo moja, umekikosa.

Tarakimu nyingine hii ndiyo iliyonifanya niweke kikombe cha chai mezani. Pale New York kuna jumba la opera, Metropolitan, moja ya majumba makubwa kabisa duniani. Mwaka 1903 lilionyesha opera ya mwanamke Mwingereza, Ethel Smyth, inaitwa *Der Wald*. Opera ya pili ya mwanamke kuonyeshwa hapo ilikuwa *L'Amour de loin* ya Kaija Saariaho wa Finland. Mwaka gani? 2016. Miaka 113! Katika muda huo Mjerumani aliondoka hapa kwetu, Mwingereza akaja, naye akaondoka, tukapata Uhuru, tukaungana na Zanzibar, Mwalimu akatawala akang'atuka, na rais wa tano akaingia Ikulu. Wao bado walikuwa wanamtafuta mwanamke wa pili mwenye opera.

Halafu kuna Vienna. Okestra ya Vienna Philharmonic ilianza mwaka 1842, na haikumpokea mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi 1997, mpiga kinubi Anna Lelkes, ambaye alikuwa amekwishapiga nao kwa miaka mingi bila hadhi hiyo. Kila tarehe 1 Januari okestra hii hupiga tamasha la mwaka mpya linalorushwa kwenye runinga za nchi nyingi. Mara ya kwanza tamasha hilo kupiga kazi ya mwanamke ilikuwa mwaka 2025: walsi ya Constanze Geiger, aliyoitunga karne ya 19 akiwa bado binti mdogo. Mwaka uliofuata, 2026, wakapiga kazi za wanawake wawili. Nawapongeza. Lakini tamasha lenyewe lina umri wa babu yangu.

Sasa mtu atasema, labda hawakuwapo. Labda wanawake wa zamani hawakutunga. Hapo ndipo ile karatasi ya programu ilipoanza kuniumbua, maana majina mawili kati ya yale saba, Mendelssohn na Schumann, yalikuwa na wenyewe wengine.

Mendelssohn tunayemjua ni Felix. Alikuwa na dada mkubwa, Fanny, aliyezaliwa mwaka 1805. Walifundishwa na walimu walewale, piano ileile, nyumba ileile. Mwaka 1820, Fanny akiwa na miaka 14, baba yao alimwandikia barua. Maana yake kwa Kiswahili chetu ni kwamba kwa mdogo wako muziki unaweza kuwa kazi, lakini kwako wewe utabaki kuwa pambo. Binti hakuacha. Aliandika kazi zaidi ya 450 katika maisha yake. Nyimbo zake kadhaa zilichapishwa, lakini ndani ya vitabu vya Felix, kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Felix alialikwa na Malkia Victoria. Malkia akachagua wimbo anaoupenda ndani ya kitabu cha Felix, akauimba mwenyewe. Ikabidi Felix aseme ukweli: wimbo ule ni wa dada yangu.

Fanny alianza kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, kwa jina lake, mwaka 1846. Mwezi Mei 1847 akafariki ghafla, akiwa na miaka 41. Na hata baada ya hapo mambo hayakutulia. Alitunga sonata ya Pasaka mwaka 1828. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 muswada wake ulipatikana Ufaransa, ukarekodiwa. Kwa jina la nani? La Felix. Ni mwaka 2010 ndipo mtafiti Mmarekani, Angela Mace, alipouchunguza muswada wenyewe na kuthibitisha kwamba ni mwandiko na kazi ya Fanny. Mwaka 2017, Siku ya Wanawake Duniani, ikapigwa redioni na BBC ikiwa na jina la mwenyewe. Kwa hiyo sonata ileile moja ilikuwa inatosha kurekodiwa ilipokuwa ya kaka. Nota hazikubadilika hata moja.

Schumann tunayemjua ni Robert. Mke wake alikuwa Clara. Mwaka 1835, akiwa na miaka 16, kabla hata hajaolewa, Clara alipiga konseto yake mwenyewe ya piano mbele ya okestra kule Leipzig. Na aliyeongoza okestra siku hiyo ni nani? Felix Mendelssohn huyohuyo. Miaka minne baadaye Clara aliandika kwenye shajara yake kwamba mwanamke hapaswi kutamani kutunga, kwamba hakuna aliyeweza kabla yake, kwa nini yeye ategemee kuweza. Tafadhali isome tena hiyo. Binti aliyekwishatunga konseto anajiambia kwamba haiwezekani kutunga. Hakumwona mwanamke hata mmoja kwenye programu, akaamini kwamba hawapo.

Akaolewa, akazaa watoto wanane. Robert akitunga, Clara aliacha mazoezi ya piano ili asimsumbue. Robert alipofariki mwaka 1856, Clara aliilisha familia kwa kupiga piano Ulaya nzima kwa miaka na miaka. Kutunga aliacha karibu kabisa.

Ningeweza kuendelea mpaka kesho. Louise Farrenc alikuwa profesa wa piano katika Konsevatori ya Paris kuanzia mwaka 1842. Kwa miaka kadhaa alilipwa pungufu kuliko wenzake wanaume, mpaka kipande chake cha ala tisa kilipopata sifa kubwa mwaka 1850, naye akapata nguvu ya kudai mshahara sawa. Akapewa. Alitunga simfonia tatu. Alipofariki mwaka 1875, simfonia zake zikazikwa naye kwa zaidi ya miaka mia.

Lakini aliyenishika moyo kuliko wote ni Florence Price. Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Mwaka 1933 okestra ya Chicago Symphony ilipiga simfonia yake ya kwanza. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupigiwa simfonia na okestra kubwa ya Marekani kabla yake. Ungedhani milango ilifunguka. Wapi! Miaka kumi baadaye, 1943, alimwandikia barua Serge Koussevitzky, kondakta wa Boston (si kondakta wa daladala, ni yule mwenye kifimbo). Akaanza kwa kumweleza wazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, akamwomba autazame muziki wake bila kumpendelea kwa sababu hizo wala kumbagua kwa sababu hizo. Aliandika zaidi ya barua moja. Koussevitzky hakuwahi kumpangia hata simfonia moja.

Price akafariki mwaka 1953. Mwaka 2009 watu walinunua nyumba iliyotelekezwa katika mji mdogo wa St. Anne, Illinois. Paa limetoboka, vitu vimetupwa ovyo. Ndani wakakuta marundo ya makaratasi ya nota. Ilikuwa nyumba yake ya mapumziko ya kiangazi. Humo mlikuwa na konseto mbili za fidla na simfonia yake ya nne. Mvua mbili tatu zaidi, zingekuwa uji. Simfonia hiyo ya nne ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, miaka 65 baada ya kifo chake. Na mwaka 2022 rekodi ya simfonia zake mbili nyingine, iliyopigwa na Philadelphia Orchestra, ilishinda tuzo ya Grammy.

Sasa niambie, hapo muda ulichuja nini? Muda haukuchuja kitu. Muda ulikuwa unanyesha mvua juu ya paa lililotoboka.

Nikaanza kuelewa jinsi mashine inavyofanya kazi, na nitaieleza kama nilivyoielewa, wataalamu wanisahihishe. Programu ya okestra hupangwa mwaka mmoja, pengine miwili, kabla ya onyesho. Anayepanga anataka vitu vitatu: kondakta awe anakijua kipande, makaratasi ya wapigaji wote yawepo, na tiketi ziuzike. Beethoven ana vyote vitatu. Makaratasi yake yako kabatini, yana alama za penseli walizoacha wapigaji waliotangulia. Wapigaji wameipiga simfonia yake tangu vyuoni, wanahitaji mazoezi machache. Mteja anaijua, ananunua tiketi. Sasa mletee Farrenc. Kondakta hajawahi kumwongoza. Makaratasi lazima yatafutwe, yakodishwe, pengine yaandikwe upya. Mazoezi yaongezwe, na mazoezi ni pesa. Mteja anauliza, ndiye nani huyo? Basi msimamizi, ambaye wala si mtu mbaya, ana watoto, anampenda mke wake, anasema "tutamweka mwakani". Mwakani anasema hivyohivyo. Hapigwi kwa sababu hajulikani, na hajulikani kwa sababu hapigwi. Hakuna aliyekaa kikao cha kuwafukuza wanawake. Ungo unapepetwa tu na mkono uliozoea.

Na hata akipangwa, mara nyingi anapewa kile kipande cha kufungulia, dakika nane tisa, watu bado wanatafuta viti vyao. Au anawekwa mwezi Machi. Machi ikiisha, tunarudi kwa wenyewe.

Kuna jambo moja nililipenda. Kuanzia miaka ya 1970 okestra nyingi za Marekani zilianza kutundika pazia wakati wa usaili. Anayeomba kazi anapiga nyuma ya pazia, waamuzi wanasikia sauti tu. Zipo zilizotandika hata zulia, ili viatu vya mwanamke visimsaliti. Wanawake wakaongezeka ndani ya okestra, ingawa wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani pazia lenyewe ndilo lililosababisha. Lakini mtunzi utamtundikia pazia gani? Jina lake ndilo linalouza tiketi. Jina ndilo la kwanza kusomwa. Pazia pekee ambalo mwanamke mtunzi aliwahi kuwekewa ni jina la kaka yake.

Niliyasimulia haya yote ofisini, kwa mbwembwe. Mwenzangu mmoja wa dawati la siasa akanikata. "Kwa hiyo kaka, unataka viti maalumu kwenye muziki?"

Watu wakacheka. Ni swali zuri, silipuuzi. Ni kweli pia kwamba wanawake walionyimwa shule, muda na wachapishaji waliacha kazi chache kuliko wanaume. Huwezi kuvuna ambapo watu walizuiwa kupanda. Lakini nilimjibu hivi. Mwaka 2020 ilikuwa miaka 250 tangu Beethoven azaliwe. Kumbi za dunia nzima zilimpangia msimu mzima, simfonia zote tisa, sonata zote, mpaka corona ilipokuja ikavuruga. Mtu aliyekuwa anapigwa kila mwaka akatengewa mwaka wa kupigwa zaidi. Hicho nacho si kiti maalumu? Mimi nampenda Beethoven. Sisemi atolewe. Nasema meza ni kubwa, na yeye amekalia viti sita.

Na inawezekana kubadilika. Tamasha la Proms la London, linalofanyika majira ya joto, liliahidi mwaka 2018 kwamba ifikapo 2022 nusu ya kazi mpya zinazoagizwa zitakuwa za wanawake. Hakuna aliyekufa. Ukitaka mchele mwingine, unabadilisha mkono unaopepeta, au unaufundisha mkono uleule kuangalia tena.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia makala haya. Nilikuwa nimeshaandika mpaka sentensi ya mwisho, ya kuwashutumu Wazungu wa Vienna, tamu kweli. Halafu nikasoma tena ile habari ya Felix na Malkia, na mikono ikaniishia nguvu.

Nyani haoni kundule.

Miaka miwili iliyopita parokia yetu ilikuwa na jubilei. Kwaya iliimba wimbo mpya wa shukrani, sauti nne, mzuri sana. Watu walisimama. Askofu akaomba urudiwe. Mimi nilikuwepo kama mwanakwaya, na jioni ile nikageuka mwandishi, nikatuma habari gazetini. Ikatoka ukurasa wa ndani, na picha. Niliandika kwamba kivutio kikubwa kilikuwa wimbo wa shukrani, utunzi wa mwalimu wa kwaya.

Ule wimbo si wa mwalimu wa kwaya. Ni wa dada yangu.

Na mimi nilijua. Nililala chumba cha pili wiki zile alipokuwa anautunga. Alikuwa anakaa kwenye kile kinanda chake kidogo saa tano usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, amepunguza sauti mpaka mwisho ili Mama asiamke. Nilisikia ile sehemu ya besi ikizaliwa, ikikosewa, ikirudiwa. Aliniita hata nimjaribie: "Mdogo wangu, hebu imba hapa, unafika chini?" Nikamwambia chini sana, akapandisha.

Akampelekea mwalimu autazame. Mwalimu akauchapa. Juu kulia, pale pa jina la mtunzi, pakatoka jina la mwalimu. Kwaya nzima tukagawiwa. Dada akaichukua nakala yake kama wengine, akaiweka kwenye kinanda, akapiga.

Kwa nini niliandika vile? Nimejiuliza. Jina lilikuwa kwenye karatasi. Muda wa kupeleka habari ulikuwa umebaki dakika ishirini. Mwalimu ni mtu wangu, ndiye aliyenifundisha kuimba. Sikutaka kuleta maneno kanisani siku ya sherehe. Sababu zote hizo ni za kweli, na zote ni zilezile za msimamizi wa okestra anayesema "mwakani". Habari ilipotoka Mama alinunua nakala mbili kwa sababu ya jina langu. Dada akaisoma pale mezani, akaikunja vizuri, akasema, "Umeandika vizuri." Basi. Nami nikala wali wangu.

Felix alikiri mbele ya Malkia. Mimi hata mbele ya paroko sikukiri.

Siku ile ukumbini, aliponiuliza kama kina mama wako upande wa pili, nilidhani ananiuliza habari za Ulaya.

Usiku huohuo nilifungua faili langu la nota za kwaya, lile la kamba, lina nyimbo za tangu sijazaliwa, nakala ya nakala ya nakala. Nikasoma kona ya juu kulia ya kila karatasi. Majina ya wanawake hayakujaza vidole vya mkono mmoja. Na kwenye kwaya yetu sauti ya kwanza na ya pili ni wanawake watupu, ndio wanaofika mazoezini mapema, ndio wanaoshona sare. Nani anajua ni nyimbo ngapi humo zilizaliwa saa tano usiku kwenye kinanda kilichopunguzwa sauti?

Nimefanya mambo matatu.

La kwanza, nilikwenda kwa mhariri kuomba sahihisho. Akaniangalia kama mgonjwa. "Habari ya miaka miwili iliyopita? Kwani kuna mtu ameshtaki?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Kwa hiyo sahihisho nalitoa hapa, mahali ambapo mhariri ni mimi: habari niliyoiandika kuhusu wimbo wa shukrani wa jubilei ilikosea jina la mtunzi, na mwandishi alikuwa anajua.

La pili, nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Nilitetemeka kidogo, nakiri. Nilitegemea ugomvi. Mzee wa watu akanyamaza, akavua miwani. Akasema alirekebisha sehemu ndogo ya besi na ya tatu, akachapa, akaweka jina lake kama anavyoweka siku zote. "Yeye mwenyewe hakusema kitu, nikadhani hajali." Nikamwambia na mimi nilidhani hivyohivyo, Mwalimu. Tumekubaliana nakala zichapwe upya: utunzi ni wa dada, marekebisho ni ya mwalimu. Bado hazijatoka.

La tatu, nilimwomba dada msamaha. Alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu swali moja, kama jaji: "Ulikuwa unasikia ile usiku?"

"Nilikuwa nasikia."

"Mpaka besi?"

"Mpaka besi."

Akatikisa kichwa, akaendelea na kalamu nyekundu. Baadaye kidogo akasema ana nyimbo nyingine sita kwenye daftari, kama kwaya itakuwa na nafasi. Sita! Tunaishi nyumba moja, mimi mwandishi wa habari, na habari hiyo sikuwa nayo.

Mmeona kwamba nimeandika mpaka hapa bila kumtaja jina. Si kwamba nimesahau tena. Nilimwomba ruhusa niliweke hapa, kwa herufi kubwa kabisa. Akakataa.

"Lianze kuandikwa kwenye nota," akasema. "Huko kwako litafuata."

Basi tunasubiri nakala.